Swali la kutofautiana na mwenzako linawaangusha vijana wetu bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie swali moja la usaili wa kazi ambalo limekuwa likiwaangusha vijana wenye sifa zote zinazotakiwa. Nimekuwa afisa utumishi hapa mkoani Kigoma kwa miaka 19, na hata baada ya kustaafu bado naitwa mara kwa mara kukaa kwenye majopo ya usaili, hasa ya mashirika yanayohudumia wakimbizi Kasulu na Kibondo. Swali ninalolisemea huulizwa karibu na mwisho, msailiwa akiwa amekwisha kujieleza na kuanza kupumua vizuri, nalo huwa limeandikwa kwa Kiingereza, maana yake ikiwa: "Tueleze wakati ulipotofautiana na mfanyakazi mwenzako, na jinsi mlivyolimaliza jambo hilo." Jibu nililolisikia mara nyingi kuliko majibu mengine yote ni la kijana kunyoosha mgongo, kutabasamu na kusema, "Mimi sijawahi kugombana na mtu." Akitoka nje huwa anaamini kwamba hapo ndipo alipojisifu vizuri zaidi, kumbe kwenye karatasi ya alama ameandikiwa sifuri.

Miezi michache iliyopita tulikuwa wanne kwenye jopo mjini Kasulu tukitafuta mtunza bohari. Kijana mmoja alituvutia wote tangu alipoingia. Alijua tofauti ya leja na kadi ya bohari, alijua kwa nini mzigo ulioingia kwanza hutoka kwanza, na alipoulizwa atafanya nini akikuta hesabu ya magunia haiendani na hati ya kupokelea mzigo alijibu kama mtu aliyewahi kulala na tatizo hilo usiku kucha. Tulipofika kwenye swali hili akatoa jibu lilelile la kutowahi kugombana na mtu. Mwenyekiti wetu akajaribu kumsaidia, akamwuliza kama hakuna hata jambo dogo, naye akasisitiza kwamba hakuna, kwa sababu amelelewa vizuri. Nafasi aliikosa kwa tofauti ya alama tatu.

Wiki kadhaa baadaye, matokeo yakiwa yamekwisha kutangazwa na aliyeshinda ameanza kazi, nilikutana na kijana huyo stendi ya Kasulu tukisubiri basi la Kigoma. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nikamwitikia, tukakaa kwenye benchi moja, na kwa kuwa basi lilichelewa mazungumzo yakafika kwenye kazi aliyoifanya zamani katika ghala la mfanyabiashara mmoja wa nafaka. Akanisimulia kwamba msimu mmoja wa mvua bati lilivuja upande wa ukutani, na asubuhi walipofungua walikuta magunia 14 ya maharage yamelowa chini. Siku hiyohiyo lori lilikuwa linakuja kupakia. Mwenzake wa ghalani, mtu mzima wa umri wa baba yake, alitaka yale magunia yachanganywe katikati ya mengine ili hesabu itimie. Kijana akatia mkono ndani ya gunia moja hadi kwenye kiwiko, akakuta maharage ya katikati yameanza kupata joto, na kila anayejua maharage anajua joto hilo maana yake nini. Akasubiri wapakizi waende kunywa chai, kisha akamwambia yule mzee, "Baba, samahani, naomba tuyaangalie tena haya ya chini."

Mzee alikasirika, na kwa muda wa nusu saa hivi wakawa wanafanya kazi bila kusemezana. Kijana hakumfuata tajiri wala hakuwaita wapakizi wawe mashahidi. Aliendelea kuyatenga yale magunia pembeni moja baada ya jingine, na alipofika la sita ndipo mzee akafungua kinywa na kusema linalomsumbua: mwaka uliotangulia ulitokea upotevu ghalani na fedha zikakatwa kwenye mshahara wake peke yake, na ada ya mtoto ilikuwa haijalipwa. Kumbe mzee hakuwa na haja ya kumdanganya mnunuzi, alikuwa anaogopa kukatwa mshahara. Baada ya hapo jambo likawa jepesi. Waliandika kwenye leja tarehe, mvua na idadi ya magunia yaliyolowa, wakatia sahihi wote wawili, wakampigia tajiri simu kabla lori halijafika, kisha wakaanika maharage juani kwenye turubai. Magunia 9 yaliokolewa, 5 yakaharibika, na hakuna aliyekatwa hata shilingi.

Nikamwuliza kwa nini hakutueleza hayo siku ya usaili. Alinitazama kama vile nimemwuliza swali la ajabu. "Mama, nyie mliuliza kama nimegombana na mtu. Yule mzee hatukugombana. Halafu ningeanzaje kumsema mzee wa watu mbele ya jopo zima?"

Katika sentensi hizo chache mna sababu mbili zinazowafanya vijana wengi wa huku washindwe kulijibu swali hili. Ya kwanza ni neno lenyewe. Karatasi zetu nyingi za usaili zimeandikwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo wasaili wote na wasailiwa wote wanazungumza Kiswahili, na neno lililotumika kwenye swali hili, "conflict", ni lilelile ambalo redio hulitumia kueleza mapigano ya mashariki mwa Kongo. Mtoto aliyekulia Kigoma amewaona watu wakishuka kutoka kwenye boti na magodoro kichwani, kambi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, na wapo vijana wanaoomba kazi leo ambao walizaliwa baada ya hapo na hawajui mkoa usio na wakimbizi. Neno hilo kwao lina harufu ya baruti. Kijana analitafsiri haraka kichwani, anapata "vita", "mgogoro" au "ugomvi", na kwa kuwa hajawahi kumpiga mtu kazini anakana kwa moyo safi kabisa.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wowote hapa, sisi tuliokaa nyuma ya meza ndio tulioacha kukitumia. Lugha yetu ina ngazi nzima ya mambo haya: watu hutofautiana, hupishana kauli, hukwaruzana, hukosana, hugombana, na mwisho huhasimiana. Ngazi tatu za chini hakuna mfanyakazi asiyezipanda kila mwezi, kwa maana vyombo vya kabati moja havikosi kugongana, na jopo linapouliza swali hili huwa linauliza habari za ngazi hizo hizo. Msailiwa anasikia ngazi ya tano. Siku mwenyekiti mmoja wa jopo alipoamua kuliuliza kwa maneno ya "kupishana kauli", niliona nyuso zikibadilika, na wasailiwa wawili kati ya saba wakaanza kwa kucheka kabla ya kusimulia.

Sababu ya pili ni hofu ya kuchongea. Tumewafundisha watoto wetu kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje, na kwamba anayemsema mwenzake asiyekuwepo ni msengenyaji. Tumewafundisha vizuri, wala sitaki wasahau. Tena huku kwetu watu wanajuana. Nimewahi kushuhudia msailiwa akimtaja kwa jina mwenzake wa kazi ya zamani, akaeleza kwa dakika karibu kumi jinsi mwenzake huyo alivyokuwa mvivu na mchelewaji, huku mmoja wetu mezani akiinamia karatasi zake, kwa sababu aliyekuwa akisemwa ni mtoto wa dada yake. Lakini kisa kinaweza kusimuliwa bila jina, bila cheo na hata bila kumlaumu mtu. Kijana wa maharage alinisimulia habari yote pale stendi na mpaka leo simjui mzee wake ni nani, ila najua kwamba alikuwa na mtoto anayedaiwa ada, na hilo lilinifanya nimhurumie.

Huenda ikawasaidia wasomaji kujua swali la namna hii lilitoka wapi, maana wengine hudhani limetungwa ili kuwatega. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanasaikolojia waliokuwa katika jeshi la anga la Marekani waliona kwamba ukimwuliza mtu kiongozi bora yukoje atakupa maneno mazuri yasiyokusaidia kitu, lakini ukimwomba aeleze tukio moja alilolishuhudia, la kiongozi aliyefanya vizuri au vibaya, unapata habari unayoweza kuipima. Mmoja wao, John Flanagan, aliieleza njia hiyo kwa maandishi mwaka 1954. Kuanzia miaka ya 1970 wataalamu wa ajira wakaitia kwenye usaili, wakimtaka msailiwa aeleze hali ilivyokuwa, jukumu lake lilikuwa lipi, alifanya nini, na matokeo yakawaje. Karatasi za alama tunazotumia Kasulu zimegawanywa kwa vipengele hivyo hivyo. Anayesema "sijawahi" hajatoa chochote cha kuandikwa katika kipengele chochote, na msaili hata akimpenda hana pa kumpa alama.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haisemi lakini msaili mzuri hulitafuta. Mwaka 1925 Mary Parker Follett, mwanamke wa Kimarekani aliyeandika sana juu ya uongozi wa kazi, alieleza katika hotuba kwamba siku moja alikuwa katika chumba kidogo cha maktaba huko Harvard, mtu mmoja akitaka dirisha lifunguliwe na yeye akitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha pili ambamo hapakuwa na mtu. Mwenzake alikuwa anahitaji hewa chumbani, yeye alikuwa hataki upepo umpige moja kwa moja, na kila mmoja akapata alichokitaka bila kugawana nusu kwa nusu. Nilipokuwa nasikiliza habari ya maharage pale stendi nilikumbuka dirisha hilo. Laiti wale wawili wangegawana, magunia 7 yachanganywe na 7 yatengwe, mnunuzi angepata maharage mabovu na mzee angekatwa mshahara vilevile. Kilichowaokoa ni kijana kunyamaza na kusubiri mpaka mzee aseme anachokiogopa. Msailiwa anayeweza kueleza mwenzake alikuwa anahofia nini, na si yeye tu alikuwa anataka nini, mimi humpa alama za juu bila kusita.

Najua wapo wasaili wasiokubaliana nami. Mwenzangu mmoja wa jopo, mtu mwenye uzoefu mkubwa kunizidi, hushikilia kwamba anayekiri kutofautiana na wenzake atakuja kutusumbua, na kwamba mashirika yanahitaji watu watulivu. Nimemjibu mara nyingi, na naomba nimjibu tena hapa kwa kuwa yeye ni msomaji wako. Hati ya kutolea mzigo bohari ina nafasi ya sahihi ya anayetoa na ya anayepokea. Nafasi hizo mbili hazikuwekwa kwa ajili ya kupamba karatasi. Ziliwekwa kwa sababu aliyeibuni hati hiyo alitegemea kwamba siku moja wawili hao wataona hesabu tofauti, na akataka wasimame waulizane kabla mzigo haujatoka. Mtunza bohari ambaye katika miaka minne hajawahi kumwambia mwenzake "hapa hapana" ama hasomi anachotia sahihi, au anasoma na kunyamaza. Wa namna hiyo atakuwa mtulivu sana mpaka siku wakaguzi watakapofika.

Makosa ya upande wa pili yapo pia, nami nitayapitia kwa haraka. Wapo wanaosimulia kesi waliyompeleka mwajiri wao mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hiyo ni haki yao kwa mujibu wa sheria za kazi za mwaka 2004 na asiwepo wa kuwalaumu, ila swali linamhusu mwenzako mnayefanya naye kazi, nayo kesi na mwajiri ni habari nyingine. Wapo wanaochagua kisa kikubwa mno, cha wizi au cha kupigana, ambacho jopo likikisikia linabaki linajiuliza maswali yasiyohusu kazi. Na siku hizi wapo waliokariri kutoka kwenye simu. Siku moja nilisikia kutoka kwa wasailiwa watatu tofauti kwamba mwenzao alichelewa kuleta ripoti, wakamkaribisha chai, wakaongea naye kwa upole, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wakubwa. Chai ilikuwa ileile kwa wote watatu. Nilipomwuliza wa tatu ripoti yenyewe ilihusu nini, alitazama dari kwa muda mrefu.

Kinyume chake, mmoja wa waliopata alama kubwa kabisa niliowahi kuwapa alikuwa muuguzi aliyeeleza kwamba alibishana na mwenzake kuhusu zamu ya usiku, akawa na uhakika kwamba ameonewa, akaenda kuangalia ratiba ya mwezi mzima na kukuta kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa amefanya zamu nyingi zaidi yake. "Nikarudi nikamwomba radhi," akasema, akanyamaza. Jibu zima halikuzidi dakika moja na nusu. Vijana wengi hudhani ni lazima katika kisa chao wao ndio wawe wameshinda.

Kwa wahitimu ambao hawajaajiriwa popote, nadhani lawama ni ya majopo. Si haki kumwuliza mtu wa miaka 23 habari za wafanyakazi wenzake wakati hana. Gary Latham na wenzake walionyesha mwaka 1980 kwamba msailiwa anaweza pia kupewa hali ya kufikirika inayofanana na kazi yenyewe na kuulizwa angefanya nini, majibu yakapimwa kwa vigezo vilivyoandikwa kabla ya usaili kuanza. Tungeweza kuwauliza wahitimu hivyo, au tukawaambia waziwazi kwamba kisa cha mafunzo kwa vitendo, cha kwaya, cha timu ya mpira au cha kikundi cha kuweka akiba kinakubalika. Nilipata kumsikia binti mmoja wa Ujiji akieleza jinsi kikundi chao cha kuuza dagaa kilivyopishana kauli kuhusu kuanika mchangani au kwenye chanja, akaeleza mpaka bei ya kila aina sokoni, na alijua zaidi habari ya kufanya kazi na watu kuliko wengi waliokuja na vyeti vya uzoefu.

Naandika haya wakati ambapo nafasi zimekuwa chache. Misaada ya kimataifa imepungua, mashirika yanapunguza watu, na macho ya vijana wengi yameelekea kwenye reli ya kisasa ya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2022. Nafasi moja inapoombwa na mamia ya watu, alama tatu ni nyingi. Kwa hiyo nawaomba maofisa utumishi wenzangu wa mashirika, halmashauri na makampuni ya mkoa huu wafanye mambo mawili yasiyo na gharama. Kwanza, swali hili liandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi ya usaili, kwa maneno ya kutofautiana au kupishana kauli, na lisomwe kwa wasailiwa wote kwa namna moja, kwa sababu msaili mmoja akilitafsiri papo hapo kuwa ugomvi na mwingine akalitafsiri kuwa mvutano wasailiwa hawatakuwa wamefanya usaili mmoja. Pili, msailiwa akisema "sijawahi", karatasi imruhusu msaili kuuliza swali moja la kufuatilia: "Ni lini wewe na mwenzako mliona jambo moja la kazi kwa namna mbili?" Ningekuwa na swali hilo siku ile Kasulu, tungesikia habari za maharage tukiwa wanne mezani, na nisingeisikia peke yangu stendi.

Kijana huyo ameitwa kwenye usaili mwingine mwezi ujao, safari hii mjini Kigoma, na mimi simo kwenye jopo hilo. Juzi alinipigia simu kuniuliza kama akisimulia habari ile aseme "mzee" au aseme "mwenzangu". Nikamwambia aseme "mwenzangu", na asisahau kutaja ile ada.

Afisa utumishi mstaafu,
Mwanga, Kigoma